Wiki Mbili Zilizogeuka Siku 2,017: Uchambuzi wa Kisa cha Sean Goldman

Tarehe 16 Juni 2004 David Goldman aliendesha gari hadi uwanja wa ndege wa Newark, jimbo la New Jersey, kumsindikiza mke wake Bruna na mtoto wao. Safari ilikuwa ya wiki mbili. Mama alikuwa anakwenda kwao Rio de Janeiro, Brazil, kupumzika na wazazi wake, kisha arudi na mtoto. Mtoto huyo, Sean, alikuwa ametimiza miaka minne wiki tatu tu kabla ya hapo. Hakuna aliyevunja mlango, hakuna aliyeghushi pasipoti. Baba mwenyewe ndiye aliyewaaga. Siku chache baadaye simu ikaja kutoka Rio: ndoa imekwisha, na mtoto harudi.

Sean alikabidhiwa kwa baba yake asubuhi ya tarehe 24 Desemba 2009. Nimezihesabu siku hizo; ni 2,017. Mkataba wa kimataifa uliopaswa kumrudisha unataja wiki sita za kuamua shauri.

Kisa hiki kimesimuliwa sana kama ugomvi wa baba mwema na mama mbaya, au kama taifa kubwa likiibana nchi nyingine. Nimekisoma mara nyingi na kila mara narudi kwenye jambo moja: saa. Karibu kila kikwazo cha kisheria kilichomkwamisha David kilikuwa na sura ya muda, na kila mwezi uliopita uligeuzwa kuwa ushahidi dhidi yake. Aliyekuwa na mtoto alinufaika kila siku ambayo shauri lilikuwa halijaisha.

Sheria inasema nini

Mkataba wa Hague wa tarehe 25 Oktoba 1980 kuhusu utoroshaji wa watoto kuvuka mipaka una wazo dogo lenye busara. Mtoto wa chini ya miaka 16 akiondolewa katika nchi ambako ndiko makazi yake ya kawaida, au akizuiliwa nje ya nchi hiyo kinyume na haki ya malezi aliyonayo mzazi mwingine, basi arudishwe upesi. Kuzuiliwa kuna uzito sawa na kuondolewa. Ndiyo maana haijalishi kwamba Sean alipanda ndege kwa ridhaa ya baba yake. Ridhaa ilikuwa ya wiki mbili, na zilipokwisha, kilichobaki kilikuwa kumshikilia mtoto isivyo halali.

Mahakama ya nchi alikopelekwa mtoto haiulizwi nani mzazi bora. Kifungu cha 16 kinaikataza kabisa kuamua suala la malezi wakati ombi la kurudishwa bado liko mezani. Inaulizwa tu ni mahakama ya wapi yenye haki ya kuamua, na jibu ni ile ya nyumbani kwa mtoto. Baada ya kurudi, mzazi aliyemchukua anaweza kusimama huko akaomba malezi, akaomba talaka, akaomba hata ruhusa ya kuhama na mtoto kihalali. Watu wengi husikia neno "kurudishwa" wakadhani maana yake ni "kupewa baba". Kurudishwa ni kurudishwa kwenye nchi, mbele ya jaji wake.

Kuna bahati moja katika kisa hiki ambayo wasimulizi huipita mbio. Brazil ilijiunga na Mkataba mwaka 1999, ukaanza kuibana Januari 2000. Lakini nchi inayojiunga baadaye haifungamani papo hapo na kila mwanachama aliyetangulia. Kila mmoja wao lazima kwanza aikubali. Kati ya Marekani na Brazil Mkataba ulianza kufanya kazi tarehe 1 Desemba 2003, na haurudi nyuma kugusa yaliyotokea kabla. Kama safari ile ingefanyika Novemba 2003, David asingekuwa na chochote cha kushika. Miezi sita na nusu tu ndiyo iliyomfungulia mlango. Mzazi anayesoma orodha ya nchi wanachama, ambazo sasa zimepita 100, akaona nchi yake imo na ile nyingine imo, bado hajajua lolote. Inabidi atazame kama nchi hizo mbili zimekubaliana zenyewe kwa zenyewe, na tangu lini.

Miezi mitano

David hakukaa kitako. Tarehe 26 Agosti 2004 mahakama ya New Jersey iliamuru Sean arudishwe. Amri ile ilikuwa halali kabisa, lakini haikuwa na nguvu hata hatua moja nje ya mpaka. Hakimu wa nchi moja hamtumi askari wa nchi nyingine. Mwezi wa Septemba akapeleka ombi chini ya Mkataba kupitia mamlaka kuu ya Marekani, ile ofisi ambayo kila nchi mwanachama lazima iwe nayo kwa kazi hii. Mwezi wa Novemba shauri lilikuwa limeshafunguliwa katika mahakama ya shirikisho jijini Rio. Kutoka siku ya safari hadi siku ya kufungua shauri ni miezi mitano.

Naomba msomaji aishike hiyo miezi mitano, maana kisa chote kinaning'inia hapo.

Hukumu ya kwanza ilitoka Oktoba 2005. Jaji alikubali kwamba mtoto alikuwa amezuiliwa kinyume cha sheria. Kisha akakataa kumrudisha, kwa sababu Sean alikuwa amekwisha kuzoea maisha ya Brazil. Rufaa zilizofuata ziliuacha uamuzi huo usimame, na kufikia mwaka 2007 mahakama mbili za juu zilikuwa zimeubariki.

Sasa tukisome Kifungu cha 12. Kinasema kwamba kama shauri limefunguliwa kabla ya mwaka mmoja kupita tangu mtoto kuondolewa au kuzuiliwa, mahakama iamuru arudishwe mara moja. Mwaka ukiwa umepita kabla ya shauri kufunguliwa, bado arudishwe, isipokuwa ikithibitika kwamba amekwisha kuota mizizi katika mazingira mapya. Kipimo ni siku ya kufungua shauri. Siku ya kusomwa hukumu haimo kabisa katika hesabu hiyo, na walioandika Mkataba walikuwa na sababu nzuri ya kuiweka nje: walijua mahakama hukawia, na hawakutaka ukawiaji wa mahakama umwadhibu mzazi aliyewahi. David aliwahi. Hoja ya mtoto kuota mizizi haikuwa na kiti katika chumba kile, lakini ilikaribishwa, ikakaa, ikashinda.

Nimejiuliza mara nyingi ilikuwaje. Sidhani ni uadui. Jaji anaona faili lenye mtoto wa miaka mitano anayezungumza Kireno, anayesoma shule jirani, anayelala chumba kimoja kila usiku, mwenye bibi na babu wanaompenda. Katiba ya Brazil, Kifungu cha 227, inataka mtoto apewe kipaumbele cha juu kabisa. Jaji anajiuliza: huyu mtoto, leo hii, atafaidika nini nikimng'oa? Swali hilo lina huruma, na ndilo hasa swali la malezi ambalo Kifungu cha 16 kilimkataza kulijibu. Likiingia kwa jina la maslahi ya mtoto, wachache wanalitambua. Na likishaingia, kila ushahidi wa maisha mapya ya mtoto unahesabika kumtetea aliyemzuia, hata kama maisha hayo mapya yamewezekana kwa sababu tu alizuiliwa.

Waswahili tunasema ngoja ngoja yaumiza matumbo. Hapa aliyengoja ndiye aliyeumia, na kungoja kwake kukaandikwa katika hukumu kama sababu ya kumnyima.

Mama anafariki, shauri linaanza upya

Bruna alikuwa amepata talaka nchini Brazil na kuolewa na wakili wa Rio anayetoka katika ukoo unaojulikana kwa sheria za familia. Tarehe 22 Agosti 2008 alifariki dunia baada ya kujifungua mtoto wa kike. Sean alikuwa na miaka minane.

Kwa mtu wa kawaida jibu lilikuwa jepesi. Mama hayupo tena, baba yupo hai, hajawahi kuvuliwa ubaba na mahakama yoyote, na amekuwa akimdai mtoto kwa miaka minne. Lakini tarehe 28 Agosti, siku sita baada ya msiba, mahakama ya familia ya jimbo ilimpa baba wa kambo malezi ya muda.

Msingi wa madai yake haukuwa wa kubuni. Sheria ya Brazil inautambua ubaba wa malezi, yaani kifungo kinachojengwa kwa mapenzi na kulea, hata pasipo damu. Mimi naiheshimu kanuni hiyo. Imewaokoa watoto wengi ambao baba yao wa kweli ni yule aliyewapikia uji na kuwapeleka hospitali usiku wa manane. Wala sina shaka kwamba mapenzi ya nyumba ile kwa Sean yalikuwa ya kweli. Ila kanuni hii huzaliwa pale baba wa damu alipojitoa au alipokufa. Hapa baba alikuwa mlangoni anabisha, na aliyemfungia ndiye aliyedai nafasi yake ilikuwa wazi.

Kisheria, msiba ule ulivuruga kila kitu. Shauri la mwaka 2004 lilikuwa dhidi ya mama. Mjibu maombi sasa ni marehemu. Ilibidi shauri jipya lifunguliwe, na safari hii lilifunguliwa na Serikali ya Shirikisho ya Brazil yenyewe, kupitia wanasheria wake, dhidi ya baba wa kambo. Jambo hili lisipotee katika kelele za baadaye. Dola ya Brazil, kwa upande wa wanasheria wake, ilisimama mahakamani kudai Sean arudishwe. Anayekisimulia kisa hiki kama Marekani dhidi ya Brazil anawadhulumu mawakili wa serikali na majaji wa Brazil walioupigania Mkataba kwa bidii.

Lakini sasa kulikuwa na mahakama mbili. Masuala ya malezi na familia nchini Brazil ni ya mahakama za majimbo. Mikataba ya kimataifa ni ya mahakama za shirikisho. Ile ya jimbo ilikuwa imeshamkabidhi baba wa kambo malezi, ile ya shirikisho ilikuwa na ombi la kumrudisha mtoto, na kila upande ulikuwa na karatasi ya kuonyesha. Mgongano huo ulipelekwa mahakama ya juu ili iseme nani mwenye mamlaka, na jibu likatoka Februari 2009: mahakama ya shirikisho. Karibu miezi sita ilikwenda katika kuamua mlango wa kuingilia.

Katikati ya miezi hiyo, Oktoba 2008, David alipata amri ya mahakama ya kumwona mwanawe wikiendi moja. Akasafiri kutoka New Jersey hadi Rio. Mtoto hakuwepo nyumbani. Amri ilikuwa mkononi mwake, na wikiendi ikaisha akiwa hajamwona.

Alimwona Februari 2009, kwa mara ya kwanza baada ya zaidi ya miaka minne, katika eneo la nyumba za kuishi ambako Sean alikaa na familia ya mama yake. Walicheza mpira wa kikapu, wakaogelea. Kwa maelezo ya David, mtoto alimuuliza alikuwa wapi muda wote huo. Hebu fikiria kulijibu swali hilo kwa mtoto wa miaka minane. Utamwambia nini? Kwamba ulikuwa kwenye Kifungu cha 12?

Zuio baada ya zuio

Tarehe 1 Juni 2009 jaji wa shirikisho jijini Rio aliamuru Sean akabidhiwe kwenye ubalozi mdogo wa Marekani ndani ya saa 48. Hukumu ilikuwa ndefu na ya kina. Ilijibu suala la makazi ya kawaida, suala la mwaka mmoja, suala la hatari kubwa kwa mtoto, na ilitegemea uchunguzi wa wataalamu wa saikolojia waliozungumza na Sean. Ungedhani shauri limeisha.

Kesho yake, tarehe 2 Juni, jaji mmoja wa Mahakama ya Juu ya Shirikisho, Marco Aurélio Mello, alisimamisha utekelezaji. Aliyeomba hakuwa baba wa kambo. Kilikuwa chama cha siasa. Brazil inaviruhusu vyama vyenye wabunge kwenda moja kwa moja Mahakama ya Juu kudai kwamba kanuni ya msingi ya katiba inavunjwa, na chama hicho kilidai kwamba jinsi Mkataba unavyotumika inavunja haki za mtoto. Mlango uliojengwa kwa ajili ya katiba ya taifa zima ukatumika kuzuia safari ya mtoto mmoja. Tarehe 10 Juni mahakama hiyo ikiwa imekaa kwa jopo kamili iliitupa hoja kwa kauli moja: kulikuwa na njia za kawaida za rufaa, zitumike hizo.

Zikatumika. Mahakama ya rufaa ya shirikisho ikazuia utekelezaji hadi rufaa isikilizwe, na rufaa ikasikilizwa Desemba. Miezi sita mingine. Tarehe 16 Desemba majaji watatu wa rufaa walikubaliana wote kwamba mtoto arudi, wakatoa saa 48. Tarehe 17 Desemba jaji yuleyule wa Mahakama ya Juu akazuia tena. Safari hii mwombaji alikuwa bibi mzaa mama, aliyeomba amri ya kulinda uhuru wa mtu, akidai Sean hawezi kuondolewa nchini kabla ya yeye mwenyewe kusikilizwa na majaji. Mahakama ilikuwa siku chache tu kabla ya kufunga kwa mapumziko ya mwisho wa mwaka. Kama zuio lile lingebaki, suala lingelala hadi mahakama ifunguliwe tena mwezi wa Februari.

Ukiyatazama mazuio hayo kwa mpangilio, utaona jambo ambalo hakuna kifungu kinachoweza kuliona peke yake. Kila zuio lilikuwa na hoja. Kila moja lilikuwa la muda. Kila moja lilitolewa ili "hali ibaki kama ilivyo", kwa sababu jaji aliogopa kosa lisilorekebishika: mtoto akishaondoka, hatarudi. Woga huo naufahamu. Lakini katika mashauri ya watoto, hali haibaki kama ilivyo. Mtoto anakua. Miezi sita kwa shamba linalogombewa si kitu. Lipo palepale na mipaka yake. Miezi sita kwa mtoto wa miaka tisa ni marafiki wapya, mwalimu mpya, lugha ya baba inayozidi kusahaulika. Kumshikilia mtoto wakati wa rufaa ni uamuzi, na hauna rufaa.

Sauti ya mtoto

Hapa ndipo naandika kwa tahadhari, kwa sababu hoja ya bibi ilikuwa na ukweli ndani yake. Mkataba unairuhusu mahakama kukataa kumrudisha mtoto kama yeye mwenyewe anapinga na amefikia umri na upevu wa maoni yake kuzingatiwa. Hakuna umri uliotajwa. Mtoto wa miaka tisa anayesema anataka kubaki na dada yake mchanga na bibi yake anastahili kusikilizwa, na ningemdharau jaji ambaye asingetaka hata kujua.

Lakini Sean alikuwa amesikilizwa. Wataalamu walioteuliwa na mahakama walikuwa wamekutana naye na kuandika ripoti, na majaji wa ngazi mbili walikuwa wameipima. Kumleta mtoto mbele ya majaji wa Mahakama ya Juu, kamera zikiwa nje, ili achague kati ya baba na familia iliyomlea baada ya kifo cha mama yake, ni kumtwisha mtoto mzigo ambao watu wazima wa nchi mbili wameshindwa kuubeba. Tena maoni ya mtoto aliyekaa upande mmoja tangu akiwa na miaka minne hayawezi kusomwa kama ya mtoto aliyewafahamu wazazi wote wawili. Alichokifahamu kuhusu baba yake kilikuwa kile alichoachiwa akifahamu. Sisemi alifundishwa cha kusema. Nasema hakuwahi kupewa cha kulinganisha.

Nguvu ambayo wengine hawana

Tarehe 11 Machi 2009 Baraza la Wawakilishi la Marekani lilipitisha azimio la kutaka Sean arudishwe, kwa kura 418 bila hata moja ya kupinga. Mbunge wa New Jersey, Chris Smith, alikuwa amesafiri na David hadi Rio mwezi mmoja kabla. Rais Barack Obama alilitaja suala hilo kwa Rais Luiz Inácio Lula da Silva. Na zuio la Desemba lilipotoka, Seneta Frank Lautenberg, naye wa New Jersey, aliukwamisha mswada wa nafuu za ushuru ambazo Brazil ilikuwa mmoja wa wanufaika wake. Tarehe 22 Desemba Rais wa Mahakama ya Juu, Gilmar Mendes, aliliondoa zuio baada ya maombi ya wanasheria wa serikali ya Brazil na ya wakili wa David. Seneta naye akauachia mswada.

Siwezi kusema mswada ule ndio uliomsukuma jaji. Hoja za kisheria zilitosha, na zilikuwa zimeshakubaliwa na jopo la rufaa lote. Linaloniuma ni upande mwingine wa jambo hili. David alikuwa na shauri safi kuliko wengi: makazi ya mtoto hayakuwa na ubishi, aliwahi kufungua, nchi zote mbili zilikuwa ndani ya Mkataba, na serikali ya nchi aliyokuwemo mtoto ilimuunga mkono. Pamoja na hayo ilihitajika miaka mitano na nusu, bunge, rais na seneta. Mzazi asiyemjua mbunge wake, ambaye kisa chake hakijafika kwenye televisheni, ana karatasi zilezile na hana kelele hizo.

Siku ya kukabidhi

Mkataba una vifungu vya kuamua mtoto arudi. Namna ya kuitekeleza amri hiyo umeziachia nchi zenyewe. Pengo hilo lilionekana wazi asubuhi ya tarehe 24 Desemba. Mwisho wa kumkabidhi mtoto ulikuwa saa 3 asubuhi. Ubalozi mdogo wa Marekani jijini Rio ulikuwa umejitolea kuwaingiza kwa gari kupitia lango la kuegeshea, mbali na umati. Familia ikateremka mtaani, ikatembea na mtoto kwa miguu katikati ya waandishi wa habari waliosongamana. Picha za asubuhi ile zinamwonyesha Sean, mtoto wa miaka tisa, akiwa amevaa fulana ya njano, amemng'ang'ania baba wa kambo, uso umejaa hofu, vipaza sauti vikiwa vimemzunguka kila upande. Baada ya hapo akapanda ndege na baba yake kuelekea Florida, na ndege yenyewe ilikuwa imekodiwa na kituo cha televisheni cha Marekani. Pande zote mbili zilikuwa na kamera.

Amri nzuri inapaswa kusema nani ataleta mtoto, kupitia mlango gani, nani atakuwepo, na atamuaga nani na lini. Inapaswa kumpa muda wa kuzoeana na mzazi anayemrudia kabla ya siku yenyewe. Haya ni mambo ya ratiba, na yanaandikika katika aya moja. Asubuhi ile ilifanyika kana kwamba hayakuwahi kumpitia mtu akilini.

Yaliyofuata

Tarehe 8 Agosti 2014 Rais Obama alitia saini sheria inayobeba majina ya Sean na David Goldman. Inaitaka Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani itoe ripoti kila mwaka kuhusu nchi zisizotimiza wajibu wao, na inaipa orodha ya hatua za kuchukua, kuanzia malalamiko ya kidiplomasia hadi kusimamisha misaada. Brazil imetajwa katika ripoti hizo zaidi ya mara moja, na sababu inayojirudia ni mahakama kukawia. Sheria hiyo inaweza kuiaibisha serikali ya nje. Haiwezi kumharakisha jaji ambaye serikali yake mwenyewe haiwezi kumwamrisha. Dawa ya saa itatoka ndani ya kila nchi: majaji wachache waliofundishwa Mkataba wapewe mashauri haya peke yao, rufaa iwe moja na iwe na tarehe ya mwisho, na mzazi anayengoja awe anamwona mtoto tangu wiki ya kwanza ya shauri. Hili la mwisho ningelipigania kuliko yote. Kama David angekuwa anazungumza na Sean kwa simu kila Jumapili tangu mwaka 2004, hoja ya mgeni asiyefahamika isingepata pa kusimama.

Nao babu na bibi wa Rio wakageuka waombaji. Walikwenda mahakamani New Jersey kuomba haki ya kumtembelea mjukuu wao, wakakuta mlango mgumu. Mkataba una Kifungu cha 21 kuhusu kumwona mtoto, lakini ni kifungu chepesi: kinazitaka mamlaka kuu zisaidie kupanga ziara, bila amri ya lazima kama ile ya Kifungu cha 12. Msichana aliyezaliwa siku ile mama yake alipofariki alibaki Brazil, na kaka yake akakulia New Jersey. Kwa ndugu wa tumbo moja waliotenganishwa na amri iliyo halali, Mkataba hauna kifungu.